Siku Walipoezua Stesheni

Everlyn alimtambua Dancan kwa kicheko. Alikuwa jikoni, katika fleti ya Discovery Gardens, Dubai, aliyoishi na wenzake, anakaanga sukuma wiki, akasikia mtu sebuleni akicheka kicheko cha kukatika katikati, kama pampu iliyoingia hewa. Mwiko ukasimama mkononi. Mara ya mwisho kukisikia kicheko kile alikuwa msichana wa shule, kilitoka juu ya paa la nyumba yao, na aliyekuwa akicheka alikuwa mvulana aliyekalia kenchi akirusha mabati chini.

Jecinta, aliyeikodi fleti ile na kuwapangisha wenzake vitanda, akaingia jikoni akimvuta mgeni kwa mkono wa shati.

"Everlyn wangu, njoo umwone ndugu yako. Ni wa huko huko ulikozaliwa. Anaanza kazi kwenu, ulinzi."

"Wa wapi hasa?" Everlyn aliuliza, na jibu analijua.

"Emulakha," mgeni akasema, akanyoosha mkono. "Naitwa Dancan. Mtoto wa mzee Shiundu."

Everlyn hakuupokea ule mkono. "Mimi ni binti wa Fanuel."

Dancan akaurudisha mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali. "Fanuel wa stesheni," alisema. "Kumbe mko hai."

"Tulikufa lini?"

Jecinta alicheka akidhani ni utani wa watu wa nyumbani, akaenda kumwonyesha mgeni kitanda. Everlyn alirudi kwenye sufuria. Mboga ilikuwa imeungua, na aliila hivyo hivyo amesimama, maana hakutaka kukaa meza moja na mtoto wa Shiundu.

Emulakha ni kijiji cha mahindi na miwa kule magharibi ya Kenya, na kwa muda mrefu kilikuwa na kitu kimoja tu ambacho vijiji jirani havikuwa nacho: stesheni ya reli. Wakoloni ndio walioijenga, walipotaka njia ya kusombea mahindi na kupeleka vijana kwenye mashamba ya wazungu. Walichagua tambarare iliyoinuka, kwa kuwa huko chini kulikuwa na tope. Tambarare hiyo ilikuwa shamba la babu yake Shiundu. Mzee yule alipewa blanketi na koti la askari, akaambiwa ahamie bondeni. Kibao kilipowekwa, jina la mahali liliandikwa kimakosa, MULAKA, na hakuna aliyejishughulisha kulirekebisha. Ukoo wa Shiundu ulikaa bondeni tangu hapo, ukitazama juu kila garimoshi lilipopita.

Fanuel, baba yake Everlyn, alikuja baadaye sana, uhuru ukiwa umeshapatikana zamani. Alikuwa mtu wa Ukambani, mgeni, akaletwa na shirika kuwa stesheni masta. Alivaa sare nyeupe na kofia yenye ukingo mgumu. Alikuwa na bendera ya kijani na nyekundu, kengele ya shaba, na ukali wa mtu aliyepewa mamlaka juu ya eneo dogo. Siku za treni jukwaa lilijaa. Akina mama walipanga njugu, ndizi na mahindi ya kuchemsha, kuku walifungwa miguu kwa kamba za katani, abiria walinunua kupitia madirishani huku Fanuel akipita katikati yao akipiga kelele, "Nyuma ya mstari! Nyuma ya mstari!" Mama aliyechelewa kutii aliona kikapu chake kikipigwa teke. Everlyn, aliyezaliwa katika nyumba ya nyuma ya ofisi ya tikiti, alidhani watu wote duniani wanamheshimu baba yake. Alikuwa mkubwa alipoanza kuelewa kwamba walikuwa wanamwogopa, na waliomwogopa walikuwa wanangoja zamu yao.

Zamu ikafika. Treni zilianza kupungua, zikawa za kubahatisha, na Alhamisi moja ikapita treni ambayo hakuna aliyejua kwamba ndiyo ya mwisho. Hakuna mkubwa aliyekuja kufunga stesheni. Hakuna aliyemwambia Fanuel arudi kwao. Akabaki na sare yake, akifagia jukwaa na kupiga kengele saa za treni ambayo haiji. Watoto wa kijiji walijificha kwenye miwa wakimwigiza. Kisha watu wazima wakaanza kung'oa. Mataruma, yale magogo ya chini ya reli, yakawa kuni, boliti zikawa vyuma chakavu, kengele yenyewe ikapotea. Fanuel alilinda kilichobaki kwa rungu.

Siku ya mwisho walikuja mchana kweupe, mzee Shiundu mbele na ngazi mbili begani mwa wanawe. Mama yake Everlyn alikuwa anapika. "Serikali imeondoka," Shiundu alisema mlangoni, "na nyinyi ondokeni." Wakapanda juu wakaanza kuezua, bati baada ya bati, mwanga ukiingia jikoni kwa vipande. Fanuel aliinua rungu, wakamnyang'anya mbele ya watoto wake mwenyewe. Juu kabisa alikaa mtoto mmoja mwembamba anayecheka. Jioni ile mvua ikanyesha, ndani ya nyumba kama nje. Kesho yake familia iliondoka juu ya lori la miwa.

Fanuel aliishi Machakos miaka mingine mingi, akiwagombeza makondakta wa basi kwa kuchelewa, na alikufa bila kulitamka tena jina la Emulakha. Everlyn alirithi kimya chake na hasira yake, akavuka navyo bahari.

Dubai ilimpokea vizuri kuliko wengi. Alianza kusimama mlangoni kwenye maduka, na kwa kuwa hakuwahi kuchelewa, hakusinzia na hakuwa na huruma, walimpandisha. Sasa alikuwa msimamizi wa zamu katika mnara mmoja wa ofisi kule Jumeirah Lake Towers, redio ya mkononi kiunoni, na walinzi, wanaume kwa wanawake, wakimwita madam. Dancan alipoletwa kwenye mnara huo huo, Everlyn alimkagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Viatu hivi vimepigwa rangi?"

"Vimepigwa, madam."

"Rudi ukavipige tena."

Alivipiga tena. Akavipiga siku iliyofuata, na iliyofuata. Katika fleti vita viliendelea kwa silaha za jikoni. Sufuria ya Dancan ilikutwa sakafuni. Taulo la Everlyn lilikutwa limelowa. Mmoja akiweka chai jikoni, gesi inazimwa. Mwingine akifungua friji, maziwa yake yameachwa nje yakachacha kwa joto. Hawakupigana wala kutukanana. Walisemeshana kupitia Jecinta hata walipokuwa wamekaa sofa moja.

"Jecinta, mwambie ndugu yako sinki si bonde la kwao."

"Jecinta, mwambie madam hapa si stesheni ya babake."

Jecinta alichoka. "Khalas, basi! Mnanifanya posta? Kama mmezaliwa mkichukiana, chukianeni kwa sauti ya chini, wengine wanataka kulala."

Waliotoka pande za Emulakha walikuwa na chama chao cha kufaana, wakikutana siku ya mapumziko katika mkahawa mmoja wa Satwa, nyuma ya mafundi cherehani. Mwenyekiti alikuwa Zadock, dereva wa teksi, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani. Mara ile alikuja na habari. Shule ya msingi ya Emulakha ilitaka kuligeuza jengo la stesheni, au kuta zake zilizosalia, kuwa maktaba ya watoto, na ukutani wapachike kibao cha historia ya mahali. Wazee wengi wameshafariki. Walimu wanaomba walioko nje waseme wanachokijua.

"Kila mtu aseme alilo nalo," Zadock alisema. "Tutarekodi kwenye simu, tutume."

Dancan akasimama wa kwanza. Alisema vizuri, Everlyn alilazimika kukubali hilo moyoni. Alieleza jinsi babu wa babake alivyoporwa shamba, blanketi na koti, bonde la tope. Watu wakaguna kwa uchungu. Akaendelea, "Na reli ilipokufa, ni baba yangu, mzee Shiundu, aliyelilinda jengo lile lisibomolewe na wezi wa vyuma. Asingekuwa yeye, leo tusingekuwa na ukuta wa kupachika kibao."

Everlyn alisimama hata kiti kikaanguka.

"Alililinda kwa ngazi? Babako aliezua nyumba juu ya kichwa cha mama yangu, mwongo wewe! Na wewe ulikuwa juu unacheka!"

Dancan hakupaza sauti. "Waambie pia kwa nini. Waambie babako alifanya nini na maji."

"Maji gani?"

"Usijifanye mtoto. Waambie habari za bomba."

"Babangu alikuwa mtumishi wa serikali. Nyinyi mlikuwa wezi. Mlikuwa wezi, na bado ni wezi!"

Zadock aliingia katikati na mikono yake miwili. "Dada Everlyn, tafadhali. Dancan, kaa chini." Mkutano ulivunjika chai ikiwa bado mezani. Njiani kuelekea kituo cha basi, Everlyn alitembea upande mmoja wa barabara na Dancan upande wa pili, na basi lilipofika, yeye akapanda, Dancan akangoja lingine.

Wiki iliyofuata Everlyn alipanga zamu upya. Nyuma ya mnara kulikuwa na geti la malori ya taka, kibanda cha bati chenye kiyoyozi kilichokufa, mahali ambapo walinzi waliwekwa kwa siku chache kama adhabu na kuondolewa. Ilikuwa Agosti, joto lenye unyevu linalomshika mtu koo kama mkono. Alimweka Dancan pale, akamwacha.

Walinzi wengine walinong'ona. Mmoja wao alimwendea akasema, kwa heshima, kwamba yule jamaa hali yake si nzuri, labda abadilishwe. Everlyn alimjibu, "Kama hawezi kazi, arudi bondeni kwao." Kila alipopita na kumwona Dancan amesimama wima kando ya malori, shati limemganda mgongoni, alisikia raha, na raha ile ilimfuata nyumbani.

Adhuhuri moja redio ililia. Mlinzi wa geti la nyuma ameanguka. Everlyn alishuka mbio, akamkuta Dancan amelala ubavu juu ya lami, midomo imekauka kama gome la mti, macho yamefunguka na hayaoni. Gari la wagonjwa lilimchukua. Bwana Atheer, meneja wa jengo, alishuka kutoka ofisini kwake na kuuliza maswali mawili tu.

"Alikuwa hapa tangu lini?"

"Tangu Agosti ianze, sir."

Atheer akakitazama kibanda. "Na kiyoyozi?"

"Kimeharibika, sir."

"Unajua kimeharibika," alisema, akarudi juu. Jioni ile fundi akaja kukitengeneza, na Everlyn akapewa onyo ambalo alilistahili na kulichukia.

Dancan alirudi fletini baada ya siku kadhaa, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Jecinta alikuwa kazini, na wengine pia. Everlyn alikuwa jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu waonane walibaki wawili peke yao, bila wa kuwabebea maneno.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?" Dancan aliuliza kutoka mlangoni.

"Mimi naishi hapa."

"Ndiyo. Mnapenda kuishi mahali pa watu." Akavuta kiti akakaa, akipumua. "Nilipokuwa pale chini nilisema, huyu ni Fanuel mtupu. Babako alikuwa na bomba, wewe una redio. Mkipewa kitu kidogo cha kushika, lazima mtu afe kwa kiu."

"Nani alikufa kwa kiu? Sema basi! Kila siku bomba, bomba. Sema!"

Akasema. Alisema akitazama meza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Tangi la reli, lile lililoinuliwa kwa miguu ya chuma tangu enzi za treni za mvuke, ndilo lililokuwa na maji safi peke yake Emulakha. Kila asubuhi Fanuel alifungua bomba kidogo, wanakijiji wakapanga madumu. Mwaka mmoja wa kiangazi treni iligonga ng'ombe wa Shiundu. Shiundu akaenda stesheni, wakatukanana na Fanuel mbele ya watu, na Shiundu akamwita mbwa wa wazungu waliokwisha ondoka. Kesho yake bomba lilifungwa kwa kufuli. Halikufungwa kwa Shiundu peke yake, lilifungwa kwa kijiji kizima. Watu wakateremka kuchota maji ya bondeni, ya tope. Kipindupindu kikaingia.

"Nilikuwa na dada," Dancan alisema. "Caren. Alikuwa hajaanza shule. Mama alipanda kule kwenu amembeba mgongoni, akapiga magoti kwenye jukwaa, akaomba kikombe kimoja. Babako akamwambia asimame nyuma ya mstari."

Everlyn alitaka kumwita mwongo. Neno lilifika mdomoni likakwama, kwa sababu ile sauti, nyuma ya mstari, aliisikia kama ilivyokuwa.

"Kwa hiyo nilipokuwa juu ya lile paa," Dancan alimaliza, "nilicheka. Ningecheka tena kesho. Usiniulize tena kuhusu ngazi."

Akainuka akaenda kitandani kwake.

Everlyn alishuka chini, akakaa kwenye benchi la bustani kati ya majengo, akampigia mama yake Machakos. Hakuzunguka. "Mama, baba aliwahi kufunga bomba kule stesheni?"

Mama yake alijibu kwa swali.

"Nani amekwambia?"

"Mtoto wa Shiundu, tunafanya kazi naye huku. Ni kweli?"

"Nilimsihi afungue," mama yake alisema. "Nilimwambia, baba Everlyn, ni watoto hao. Akasema sheria ni sheria, tangi ni la reli. Haikuwa sheria, mwanangu. Alikuwa ametukanwa. Binti yao mdogo alizikwa Jumamosi, na tulisikia wakiimba bondeni, na hatukwenda. Tungeendaje?"

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa mdogo, na ulikuwa unampenda baba yako. Ningekupa nini badala yake?"

Everlyn alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkasirikia mama yake, akamkasirikia baba aliyelala kaburini, na zaidi ya wote alimkasirikia Dancan, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki. Mtu akikudhulumu unaweza kumchukia ukapata usingizi. Everlyn hakujua afanye nini na mtu aliyedhulumiwa na watu wake mwenyewe.

Dancan aliporudi kazini alikuta amepangwa ukumbini, kwenye marumaru na baridi. Alimtafuta Everlyn kwa macho, akamwona amesimama karibu na lifti.

"Huu ndio ubani wa dada yangu?" aliuliza.

"Ni zamu," Everlyn akajibu. "Simama wima."

Chama kilipokutana tena Satwa, Everlyn aliomba aseme yeye. Zadock alisita, kisha akawasha simu irekodi. Everlyn alieleza stesheni yote, kuanzia shamba lililoporwa hadi jukwaa la njugu na ndizi. Akafika kwenye bomba. Hakulipamba. Alisema kwamba baba yake alilifunga kwa sababu ya matusi, watu wakanywa maji ya bondeni, na akataja jina la Caren binti Shiundu. Sauti ilimtetemeka kwa hasira, na waliodhani ni kilio walikosea. Kisha akaeleza ngazi na mabati na mvua. Alipomaliza alimgeukia Dancan.

"Mimi nimesema ya kwetu. Sema ya kwenu."

Zadock akamsogezea simu. Dancan akaisukuma kwa kidole irudi kwa mwenyewe.

"Sina la kuongeza," alisema. "Ng'ombe alikuwa wetu, shamba letu, mtoto wetu. Mnataka mabati yahesabiwe pamoja na hayo? Hesabuni wenyewe." Akatoka nje.

Rekodi ilitumwa hivyo hivyo. Haikupachikwa ukutani, maana ukuta haukuwepo tena. Kabla walimu hawajajibu, barabara mpya ilipimwa ikapita juu ya ile ile tambarare, na tingatinga likamaliza asubuhi moja kazi ambayo ukoo wa Shiundu haukuimaliza. Mtu wa nyumbani alituma video. Jecinta, aliyeunganishwa kwenye kundi la chama kwa sababu ya chapati zake, ndiye aliyeifungua kwanza, akaiweka simu mezani bila kufikiri, na Dancan na Everlyn wakajikuta wameinamia simu moja. Kuta zilianguka bila ubishi. Vumbi likajaa kioo.

"Heri," Dancan alisema.

"Heri kwa nani?"

Jecinta akachukua simu yake, akawatazama wote wawili, akasema labda sasa watapumzika. Hawakupumzika. Sufuria hazikutupwa tena sakafuni, lakini hakuna aliyemwachia mwenzake chumvi. Kazini Dancan alimwita madam, naye Everlyn alimwita kwa jina, na hakukuwa na neno la ziada baina yao kuanzia asubuhi hadi zamu inapoisha.

Baadaye Dancan alipata kazi ya hoteli Ras Al Khaimah. Siku ya kuondoka alishusha sanduku lake, akapanda tena kuchukua begi dogo. Jecinta alimkumbatia akilia kidogo. Everlyn alikuwa amesimama kwenye korido kwa kuwa korido ni nyembamba na hakuwa na pa kupita.

Dancan alisimama mbele yake. Alionekana kama anayetafuta jambo la kusema ambalo halitamgharimu.

"Msalimie mama yako," alisema mwishowe.

"Simsalimii."

Dancan akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia, akateremka ngazi. Na kweli Everlyn hakuzifikisha salamu zile kwa mama yake. Jioni alipompigia walizungumza kuhusu mvua ya Machakos na bei ya mbegu, na mama yake alipouliza kama yule mtoto wa Shiundu bado yuko, alijibu kwamba amehama, akauliza kama mahindi yameota.